Misaada kwa familia zinazouguza watoto

Misaada kwa familia zinazouguza watoto ni huduma za hiari zinazoibeba familia nzima katika miezi au miaka ambayo mtoto yuko kwenye matibabu mazito, kama ya saratani, moyo au figo. Mara nyingi msaada ni mahali pa kulala karibu na hospitali, chakula, nauli, kulipiwa bima au deni, na mtu wa kuzungumza naye. Dawa zenyewe hazihesabiwi humo, ingawa Afrika Mashariki mashirika mengi hujikuta yanabeba vyote kwa pamoja.

Kiswahili kinatenganisha kuugua na kuuguza. Anayeugua ni mtoto. Anayeuguza ni mama, bibi, pengine dada wa miaka 16 aliyekatishwa muhula. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Anayemuuguza naye haulizwi, ila kwa sababu nyingine: bajeti ya hospitali haimjui. Kitanda ni cha mtoto na sahani ni ya mtoto. Mama hutandika kanga sakafuni, na anachokula ni kile mtoto alichokataa.

Gharama za kuuguza

Matibabu kuwa bure hakumalizi shida. Sera ya misamaha ya Tanzania, iliyoanza miaka ya 1990, inawaondolea ada watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa wa saratani. Lakini saratani ya damu kwa mtoto hutibiwa miaka 2 hadi 3, na kwa muda wote huo hakuna sera inayolipa nauli ya basi, kodi ya chumba, wala kibarua kilichopotea.

Chukua mzunguko mmoja tu wa dawa katika hospitali ya Dar es Salaam. Mtoto huwekwa kanula, dripu hutundikwa, na baada ya siku chache mama huambiwa waende, warudi baada ya wiki 2 au 3. Kwa mkazi wa jiji hilo maana yake ni kwenda nyumbani. Kwa aliyetoka Songea, zaidi ya kilomita 900, ni swali lisilo na jibu. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo kinga inapokuwa chini kabisa. Homa ya nyuzi 38 ikimshika mtoto usiku katika siku hizo, miongozo ya tiba inataka apate antibaiotiki ndani ya saa moja. Akiwa kijijini, saa hiyo huisha bodaboda haijapatikana. Ndiyo maana hosteli ya jirani na wodi huokoa maisha sawasawa na dripu, na inashangaza ni kwa muda gani wapangaji wa hospitali waliiona kama ziada.

Madaktari huhesabu kuwa matibabu yameachwa ikiwa mtoto hakuyaanza kabisa, au amekosa wiki 4 mfululizo au zaidi bila sababu ya kitabibu. Wodini husikika neno jepesi zaidi: ametoroka. Neno hilo halimtendei haki mama aliyerudi kupalilia shamba ili watoto wengine watatu aliowaachia bibi yao wapate kula. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wa hadi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi maskini, chini ya 30. Kuchelewa kufika hospitali, kukosa dawa na kuacha matibabu katikati vyote vimo katika pengo hilo. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha uponaji angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030.

Philadelphia na Bristol

Nyumba ya wazazi karibu na hospitali inayojulikana zaidi ilifunguliwa Philadelphia, Marekani, Oktoba 1974. Fred Hill, mchezaji wa Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huo, alikuwa anamuuguza bintiye Kim, mgonjwa wa saratani ya damu. Aliona wazazi wenzake wakilala kwenye viti na kula kwenye mashine za vitafunio. Timu ilianza kuchangisha, na meneja wake mkuu, Jimmy Murray, akamfuata Dkt. Audrey Evans, Mwingereza aliyeongoza tiba ya saratani katika hospitali ya watoto ya mji huo. Daktari alichotaka ni nyumba. McDonald's ya eneo hilo ilitoa mapato ya kinywaji chake cha kijani cha msimu, na nyumba ikabeba jina la kikaragosi wa kampuni: Ronald McDonald House. Wapo wanaokereka kuona nyumba ya wagonjwa ikitangaza mgahawa wa chipsi, na hawajakosea, lakini wazazi walilala kitandani. Leo nyumba hizo ni mamia, katika nchi nyingi. Kim alipona saratani ile na akaishi hadi 2011; Evans alifariki 2022 akiwa na miaka 97.

Uingereza ilifika hapo hapo kwa njia yake. Bob Woodward, mjenzi wa Bristol ambaye mwanawe alikuwa na saratani, alianzisha shirika la CLIC mwaka 1976, likajenga nyumba za wazazi karibu na hospitali. Baada ya kuungana na shirika jingine mwaka 2005 na kubadili jina mwaka 2021, sasa linaitwa Young Lives vs Cancer.

Afrika Mashariki

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha, ambalo daktari kutoka Ireland, Trish Scanlan, ni miongoni mwa waanzilishi wake, hushirikiana na hospitali kuhudumia watoto wenye saratani. Familia hupata mlo na nauli, watoto husoma na kucheza wodini, na wanaotoka mbali hukaa Ujasiri House kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine. Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Partners In Health, kiliingiza nauli na chakula katika hesabu za tiba kwa wagonjwa wasiojiweza. Huu ndio mpango sahihi zaidi: mama hahitaji kulia mbele ya mtu ili apewe.

Kenya shida ilikuwa na sura nyingine. Utafiti uliofanywa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, ulionyesha kwamba watoto wasio na bima ndio walioelekea zaidi kuacha matibabu, na kwamba kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni kuliwatisha wazazi wasirudi tena. Huko, msaada wenye faida kubwa ulikuwa mdogo kwa kutazama: kumwandikisha mzazi kwenye bima na kumlipia ada.

Watoto wa moyo wana njia yao. Kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijafunguliwa Tanzania mwaka 2015, wengi walipelekwa nje, India na Israel. Save a Child's Heart, shirika lililoanzishwa mwaka 1995 na daktari Ami Cohen, limewatibu watoto wengi wa Zanzibar na Tanzania Bara mjini Holon, Israel, ambako huishi wiki kadhaa katika nyumba maalumu, wadogo wakiwa na mama zao. Cohen mwenyewe alifia Tanzania mwaka 2001, akipanda Kilimanjaro.

Michango

Kabla ya mashirika kulikuwa na ndugu, na bado wapo. Harambee ya Kenya na mchango wa Tanzania vilihamia kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007: kikundi cha WhatsApp, picha ya mtoto, namba ya kutumia fedha. Njia hii hukusanya haraka, ila ina upendeleo wake. Mtoto mwenye mjomba mjini na sura ya kupendeza hupata. Mwenye uvimbe uliomharibu uso, asiye na jamaa mwenye simu janja, hapati. Tena watu huchanga mara moja, wakati matibabu ni ya miaka miwili au mitatu, na picha ile hubaki mtandaoni hata mtoto akishakuwa mtu mzima.

Kwa upande wa hospitali, chombo chenye nguvu na kisichoonekana ni daftari la miadi. Siku ya kwanza huandikwa namba ya mzazi na namba ya pili, ya jirani au ya mwenyekiti wa kijiji. Tarehe ikipita, mtu wa ofisi ya ustawi wa jamii hupiga. Ya kwanza ikiwa haipatikani, hupiga ya pili, na jirani huenda kugonga mlango. Nauli hutumwa kwa simu hiyo hiyo, ya watu wawili, ya kuja na ya kurudi.