Nyama ya Soko la Korinto

Somo la leo linaturudisha nyuma karibu miaka elfu mbili, mpaka mji wa Korinto katika nchi ya Ugiriki. Mji huo Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristu, na Julius Caesar akaamuru ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristu. Ulikuwa kati ya bahari mbili, wenye bandari mbili. Basi watu wa kila kabila walikutana humo, kila mmoja na miungu yake. Mtakatifu Paulo aliingia humo karibu na mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu, akishona hema pamoja na Akwila na Prisila, na kuhubiri Habari Njema.

Mnyama alipochinjwa hekaluni, sehemu iliteketezwa kwa heshima ya sanamu, sehemu wakapewa makuhani, na sehemu wageni wakaila palepale. Nyingine iliuzwa sokoni, wala mnunuzi hakujua daima imetoka wapi. Wachimbaji wa magofu wamekuta huko, kando ya hekalu la Asklepio, aliyeaminiwa kuwa mungu wa uponyaji, vyumba vitatu vya kulia chakula, kila kimoja chenye nafasi ya vitanda 11 vya kuegemea. Jirani yako akipona ugonjwa, akakualika karamu ya namna hiyo, utamkataaje?

Wakristu wakagawanyika. Wengine walisema: sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, tule. Wengine jana tu walikuwa wakitambika. Harufu ya nyama ile ikawarudisha moyoni mbele ya sanamu. Habari zikamfikia Paulo akiwa Efeso, naye akawaandikia barua karibu na mwaka 55.

Tazameni alivyopima mambo. Kuhusu elimu, aliwakubalia wale wa kwanza: kweli sanamu si kitu. Kinachouzwa sokoni, nunueni bila kuuliza. Ukialikwa nyumbani kwa asiyeamini, kula unachoandaliwa. Lakini mtu akikuambia kwamba nyama hiyo imetolewa sadaka, iache kwa ajili ya dhamiri yake, si ya kwako. Lakini meza ya hekaluni aliikataza, kwa maana huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Kisha akataja hatari yenyewe: mnyonge akikuona unakula, atakufuata kwa aibu huku moyo wake ukimhukumu, naye atapotea, ndugu ambaye Kristu alimfia. Paulo akasema kwamba yeye angeacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza.

Hata hivyo tusidhani kwamba alimwinamia kila mwenye kukaza sheria. Kule Antiokia, Petro, ingawa ni mkuu wa Mitume, alijitenga na meza ya Wakristu wasio Wayahudi kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo. Paulo alimpinga mbele ya wote. Tofauti ni nini? Huko Antiokia wageni walikuwa wakisukumwa kufuata desturi za Kiyahudi, kana kwamba Kristu peke yake hatoshi. Mnyonge wa Korinto hakumsukuma mtu; aliogopa tu. Mimi naona wengi wetu huchanganya hao wawili, tukamtii msumbufu na kumcheka mwoga.

Nami nilikosa hivyo katika ujana wangu. Kijijini kwetu alikuwako mzee aliyebatizwa uzeeni, zamani mwenye kibanda cha mizimu. Hakula kamwe jogoo mweupe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimchinja kibandani. Siku moja ya Noeli sisi vijana, tuliojua katekisimu kwa moyo, tulimpakulia jogoo huyo, tukamwambia kuku ni kuku. Akala, macho chini, sisi tukicheka. Tangu siku hiyo hakukaribia Komunyo, mpaka Kwaresima ilipokuwa inakwisha. Padri alipokwenda kumwuliza, alijibu kwamba alikuwa amekula na mizimu tena, wala hakutaka kumdanganya Mungu.

Nilikwenda kwake jioni nikapiga magoti. Siku ya Pasaka tulipika maharagwe na samaki kwa watu wote, na mzee akakaa nasi mpaka jua likatua.