Kawia Ufike: Habari za Reli ya Mpanda na Mashindano ya Motokaa

Wazee wetu walituachia neno fupi lisemalo, "Kawia ufike." Neno hili halimsifu mvivu. Lamsifu yule ambaye, ijapokuwa wenziwe walimpita njiani, mwisho alionekana mlangoni na mzigo wake mzima. Vijana wetu wapenda sana habari za vyombo viendavyo mbio, nao hubishana ni motokaa gani izishindayo nyingine zote. Sisi nasi twazipenda habari hizo, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kwa sisi tukaao Mpanda, mbali na pwani, liko swali litangulialo swali la mbio. Swali lenyewe ndilo hili: Je, chombo hiki kitafika? Na kikifika, kitamletea nani nini? Kwa swali hilo twataka kuzipima habari chache za zamani.

Taabu ya kufika katika nchi ya Katavi si ya leo. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga boma huko Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hata Karema ilikuwa safari ya miezi, na mizigo yote ilichukuliwa na wapagazi, kila mtu ratili 60 au 70. Basi Mfalme akatoa fedha, wakapatikana ndovu 4 kutoka Bara Hindi, waliokwisha kufundishwa kazi, ili wajaribiwe kuchukua mizigo katika njia hiyo. Waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, mwaka ule ule, na mkuu wa safari alikuwa Bwana Carter. Hakuna mnyama wa nchi kavu mwenye nguvu kumpita ndovu. Walakini watatu walikufa kabla ya kufika, akafika Karema mmoja tu, naye hakuishi siku nyingi. Nguvu walikuwa nazo tele. Kufika ndiko kulikowashinda.

Dawa ya taabu hiyo ilikuwa reli. Wadachi walianza kuijenga Reli ya Kati toka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Njia hiyo ina urefu wa kilometa zaidi ya 1,200. Safari iliyowachosha wapagazi kwa miezi mitatu sasa ilikuwa ya siku chache, na mtu alikaa kitako akitazama pori likipita dirishani. Lakini reli ile ilipita kaskazini mwetu, ikaiacha nchi ya Mpanda katika upweke wake wa miyombo na mbung'o.

Yafaa tueleze hapa kwa nini gari la moshi laweza kuchukua mzigo mkubwa hivyo. Gurudumu la chuma likipita juu ya chuma halipati kizuizi kikubwa. Halizami kama gurudumu la mpira lizamavyo katika tope, wala halikwami mchangani. Kwa hiyo injini moja yavuta mabehewa mengi yaliyojaa. Adui yake ni mwinuko, maana chuma huteleza upesi juu ya chuma. Ndiyo sababu wajenzi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde, wakitafuta njia ya kupanda kidogo kidogo. Adui wa pili ni maji, yaondoayo udongo na kokoto chini ya mataruma. Basi reli ni ghali kuijenga, nayo hudai kuangaliwa kila siku. Lakini ikiisha kujengwa na kuangaliwa vema, huchukua mzigo kwa gharama ndogo.

Reli haikuletwa Mpanda kwa ajili ya mkulima wala kwa ajili ya mgonjwa atakaye kufika hospitali ya Tabora. Ililetwa kwa ajili ya mawe. Katika milima iliyo karibu na Mpanda palionekana madini ya risasi, yaani madini yale mazito na laini, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu. Kampuni ya Uruwira Minerals ilianzisha machimbo, nayo yalikuwa makubwa. Mzigo wa risasi ni mzito mno, na barabara za wakati ule zilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yasingaliweza kazi hiyo. Basi ikajengwa njia ya kilometa 210 toka Kaliua, penye Reli ya Kati, kuelekea kusini, ikavuka mto Ugalla na kuingia Mpanda. Ilifunguliwa mwaka 1950, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948.

Wakati reli yetu ilipokuwa changa, watu wa motokaa nao walikuwa wakitafuta jambo jipya. Tueleze kwanza asili ya michezo yao. Mashindano ya kwanza yajulikanayo sana yalifanywa Ufaransa mwaka 1894, toka Paris hata Rouen, katika barabara za watu wote. Kadiri injini zilivyozidi nguvu, hatari nayo ilizidi. Mwaka 1903 motokaa zilitoka Paris kwenda Madrid, wakafa madereva na watazamaji hata Serikali ya Ufaransa ikayakomesha mashindano yalipofika Bordeaux. Baada ya msiba huo watu wengi waliona ni afadhali mbio ziwekwe mahali pake peke yake. Hivyo mwaka 1907 Waingereza walifungua uwanja wa Brooklands, wenye njia ya mviringo iliyojengwa kwa ajili ya mbio tu. Dereva huzunguka, huzunguka tena, na mwisho hushuka pale pale alipopandia.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mbio za mviringo zilifanywa Langa Langa, katika Bonde la Ufa la Kenya. Yasimuliwa ya kuwa Bwana Eric Cecil alimwalika ndugu yake, Bwana Neil Vincent, aje kushindana huko. Vincent alikataa, akasema kuzunguka mahali pamoja kwamchosha. Bali kama yangefanywa mashindano ya kwenda mbali katika Afrika na kurudi, yeye angekuwamo. Mazungumzo hayo yalizaa jambo kubwa. Mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalifanywa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakapewa jina la Kiswahili, yaani Safari. Baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally.

Sheria zake zilikuwa hivi. Motokaa haziondoki zote pamoja, bali moja moja kwa kupishana. Njiani viko vituo, na kila gari lina saa yake ya kufika katika kila kituo. Likichelewa, huandikiwa alama za makosa. Na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Dereva ana mwenzi akaaye kando yake, asomaye ramani na kuangalia saa. Kwa miaka mingi yalifanywa siku za Pasaka, wakati wa masika, na kila mkulima ajua jinsi barabara ya udongo inavyokuwa wakati huo.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Bwana Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Mwaka 1965 Bwana Joginder Singh wa Kenya alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha kutumika. Naye alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Hapa kwetu Tanzania Bwana Bert Shankland, aliyekaa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 akiwa na mwenzi wake Chris Rothwell.

Sasa tutoe maoni yetu. Mbio za mviringo twaziheshimu, maana huko mafundi hujaribu breki, magurudumu na injini, na faida yake huja katika magari yetu ya kila siku. Lakini mioyo yetu yaipenda zaidi Safari. Katika mviringo dereva alijua kila kona kabla ya kuifikia. Katika Safari alikutana na mto uliofurika usiku ule ule. Tena hakushinda mwenye mbio tu, bali yule aliyejua kulitunza gari lake. Kati ya ndovu wa Mfalme alifika mmoja katika wanne. Kati ya motokaa za mwaka 1963 ilifika moja katika kumi na mbili. Nchi hii haikumheshimu mtu kwa nguvu zake, wala kwa bei ya gari lake.

Uko na mchezo wa tatu, nao ni wa kimya. Huko Ulaya wako watu wazima wapendao kujenga reli ndogo ndani ya nyumba, yenye injini za kukaa kiganjani, stesheni, madaraja na vilima vya karatasi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza reli za namna hiyo mwaka 1891, zenye njia ziwezazo kuunganishwa na kuongezwa, na Bwana Frank Hornby wa Liverpool alianza kutengeneza magari yake ya moshi ya kuchezea mwaka 1920. Wengine watacheka. Sisi hatucheki, kwa kuwa watoto wetu nao hujenga motokaa za waya na makopo, na magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na mtoto aliyepinda waya akapata usukani ugeukao amekwisha kuanza kuwa fundi. Lakini katika reli ile ya mezani hakuna mtu angojaye stesheni. Ikisimama leo, hakuna gunia litakalooza wala mama atakayekesha. Hapo ndipo mchezo na kazi vinapoachana.

Turudi basi Mpanda. Mwaka 1960 machimbo ya risasi yalifungwa. Reli ilikuwa na umri wa miaka 10 tu, na mzigo ulioizaa umekwisha. Tujue ya kuwa iko ndugu yake iliyopatwa na jambo kama hilo, ikafa. Kusini, toka Mtwara hata Nachingwea, Waingereza walijenga reli kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga yaliyoanzishwa mwaka 1947. Karanga hazikufaulu, na mpango ule ukavunjwa mwaka 1951. Reli ilidumu miaka michache zaidi, ikafungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake viking'olewa. Vilevile yetu ingaliweza kung'olewa.

Haikung'olewa. Mahali pa madini paliingia mahindi, mpunga, tumbaku na asali, na zaidi ya vyote, watu. Baada ya mwaka 1972 wakimbizi wengi wa Burundi walikalishwa Katumba, penye njia ya reli, wakafyeka pori, wakalima. Na mwaka 2014 wengi wao walipokea hati za uraia wa Tanzania. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, na Mpanda ndio mji wake mkuu. Kwa hiyo twasema, njia iliyojengwa kwa ajili ya mawe iliokolewa na watu walioitumia. Hawakuijenga kwa shauri lao, lakini waliifanya kuwa yao kwa kupanda magunia yao na watoto wao ndani yake.

Siku hizi iko barabara ya lami toka Tabora kupita Koga hata Mpanda, na mabasi huipita reli kwa mbali. Wengine huuliza, gari la moshi liendalo polepole lina faida gani tena? Twajibu kwa mambo mawili. La kwanza, barabara ya lami huharibika kwa malori mazito, na kila gunia lipandalo behewa huipunguzia barabara uzito. La pili, mwenye fedha kidogo hachagui mwendo, huchagua nauli. Apandaye na kuku wake na gunia la mchele hana haja ya kushinda mtu yeyote. Haja yake ni kufika.

Tena habari za reli hazijaisha. Mwaka 2024 magari ya umeme yalianza kupita reli mpya toka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha Dodoma. Serikali imekusudia reli ya namna hiyo itoke Kaliua, ipite Mpanda, ifike Karema, penye bandari mpya ya ziwa. Karema ndiko alikofika ndovu yule mmoja mwaka 1879. Hata hivyo tusikae tukiota ya kesho na kuiacha ya leo ioze. Asiyeng'oa kokoto za reli kwa ajili ya ujenzi wake, asiyechoma mataruma kuwa kuni, asiyeiba chuma kukiuza kwa chakavu, huyo ameijenga reli ya Mpanda mara ya pili. Nachingwea walipoteza njia yao kwa amri ya wakubwa. Sisi tukiipoteza yetu kwa mikono yetu wenyewe, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Vijana wapende mbio, ni haki yao. Lakini wajue kuuliza lile swali la kwanza. Kikombe cha mshindi hupewa mmoja. Gari la moshi lifikapo Mpanda, wote waliomo wamefika.