Runinga ya bonasi: kuchagua skrini ya filamu Kericho na Bomet kwa pesa kidogo

Ifikapo Oktoba simu yangu huanza kulia kutoka upande wa Litein. Ni msimu wa bonasi. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi kila mwezi, kisha hesabu za mwaka unaoishia Juni zikishafungwa hupewa malipo ya pili kwa mkupuo. Hapo ndipo kitanda, tangi la maji na runinga hununuliwa. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeoa Kericho, na wakwe zangu wanaamini kwamba kwa kuwa mali hushukia bandarini kwetu, kila Mpwani anajua runinga iliyo nzuri. Sikuwa nikijua. Nimejifunza kwa kuulizwa, na kwa hasara moja nitakayoieleza mbele.

Chai yao huteremka kwa lori hadi mnada wa Mombasa, na runinga hupanda kwa barabara iyo hiyo. Nayaandika haya kwa Wapwani wanaofanya kazi huko, walimu, wauguzi na wenye maduka, na kwa mlio nyumbani mnaoombwa ushauri kama mimi. Bonasi ya Kericho na Bomet kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya Murang'a au Kirinyaga, na karo ya Januari huwa inaingojea. Mtu akichota humo Sh30,000 akanunua kitu kibovu, hana nyingine mpaka Oktoba ijayo.

Pima chumba kabla ya kwenda mjini

Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, ya 43 ina 95, na ya 55 ina karibu 122. Kwa filamu, kaa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya huo mshazari. Kwa inchi 43 huo ni kama mita 1.6 hadi 2.2. Nyumba nyingi za wafanyakazi kwenye mashamba makubwa ya chai ni chumba kimoja au viwili, na kochi haliwezi kurudi nyuma zaidi ya hapo. Kwa hiyo 43 yatosha. Ya 55 katika chumba kama hicho inakula ukuta na inakula pesa.

Muuzaji atakusukumia 4K. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3, ya Full HD ina milioni 2. Ni kweli ni nyingi mara nne, lakini kwenye inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7, jicho la kawaida haliwezi tena kuzitenga pikseli za Full HD. Tena filamu ya 4K kwa intaneti hula hadi gigabaiti 7 kwa saa, wakati ya HD hula kama 3. Ukipata 4K kwa bei iyo hiyo, chukua. Ukitakiwa kuongeza Sh5,000, weka hizo kwa spika.

Neno HDR kwenye kasha nalo lisikutoe jasho. Runinga za bei ya chini hupokea picha ya HDR lakini hazina mwangaza wa kuionyesha inavyotakiwa.

Tafuta weusi

Hili ndilo watu hawaliulizi, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Nusu ya filamu hutokea usiku, porini, ndani ya gari, kwenye ujia. Runinga ambayo weusi wake ni kijivujivu huzigeuza sehemu zote hizo kuwa ukungu, na ukungu Kericho wanao wa kutosha nje.

Skrini nyingi za LED ni za aina mbili. Ya kwanza huitwa VA: tofauti kati ya cheupe chake na cheusi chake hufika 3,000 kwa 1 au zaidi. Ya pili huitwa IPS: tofauti yake ni kama 1,000 kwa 1, ila ukiitazama kwa ubavuni rangi hazibadiliki sana. Kwa familia inayokaa mbele ya skrini usiku taa ikiwa imezimwa, VA ndiyo ya filamu. Kama watoto hujipanga hadi ukutani pembeni, IPS ina haki yake. Aina hiyo haiandikwi kwenye kasha, na muuzaji mara nyingi haijui, kwa hiyo jaribu mwenyewe: weka picha nyeusi tupu, kinga taa ya duka kwa mikono, halafu tazama kutoka mbele na kutoka kando. Pembe zikitoa mabaka ya mwanga, omba nyingine.

Ili ufanye hivyo lazima ubebe flashi yako. Tia humo picha nyeusi, filamu moja yenye usiku mwingi, na filamu kama zile unazonunua kwa kweli. Watu wengi wa Silibwet au Kapkatet hawatazami kwa intaneti. Hupeleka flashi kwa kijana wa duka la filamu, akawajazia za DJ Afro na za Kihindi kwa shilingi chache kila moja. Kwa hivyo swali ni kama runinga itazisoma. Faili nyingi siku hizi zimebanwa kwa mtindo wa H.265, na runinga duni huonyesha picha bila sauti, au sauti bila picha. Sauti ya aina ya DTS hukataliwa hata na baadhi ya runinga za majina makubwa. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haibebi faili inayozidi gigabaiti 4, basi uliza kama runinga inasoma NTFS au exFAT. Haya yote ni dakika kumi dukani, na muuzaji anayekataa flashi yako amekwisha kukujibu.

Ukitaka kutumia Netflix, tahadhari na "smart ya Android" ya bei ya kutupa. Nyingi zina Android isiyoidhinishwa na Google, na humo Netflix hutoka na picha hafifu au haifunguki kabisa. Google TV halisi, Tizen ya Samsung, webOS ya LG na VIDAA ya Hisense hazina taabu hiyo.

Mvua na radi

Sisi Pwani adui wetu ni chumvi inayokula vyuma. Kericho ni mvua ya alasiri, mawe na radi. Runinga ya kwanza niliyowapelekea wakwe niliichomoa kwenye stima mawingu yalipokusanyika, nikajiona mjuzi. Waya wa antena niliuacha. Radi ikaingia kwa huo. Fundi wa Litein aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Chomoa vyote viwili, stima na antena au dishi, na kama runinga imeungwa kwa waya wa intaneti, huo pia.

Kwa siku za kawaida nunua kile kifaa kidogo kinachoitwa TV guard. Stima ikipanda au kushuka kupita kiasi hukikata, na ikirudi hukisubiri itulie kabla ya kuipitisha. Hakizuii radi ya moja kwa moja, lakini huko ambako miti huangukia nyaya, kitakuokoa mara nyingi kuliko waranti.

Mvua hiyo ikipiga mabati, spika za runinga za wati 8 au 10 zinazotazama chini huzimwa kabisa. Weka kando pesa za wufa, na hakikisha tundu za wufa na za runinga zinaoana: runinga nyingine zina HDMI ARC na tundu la macho tu, na wufa ya bei nafuu ina zile nyekundu na nyeupe. Jaribu pia kama runinga inasoma faili la maandishi ya chini ya filamu. Dishi nalo hupotea mvua ikizidi, kwa sababu matone hufifisha mawimbi yake, kwa hiyo antena ya kawaida isitupwe. Tangu mawimbi ya analogi yazimwe mwaka 2015, runinga inayoandikwa DVB-T2 hupokea stesheni za bure bila king'amuzi.

Neno DVB-T2 litafute pia kwenye runinga aliyoileta shangazi kutoka Maskati au Dubai. Stima na plagi zao ni kama zetu, lakini waranti kwa kawaida hubaki huko. Ya kutoka Marekani iache: mitambo yake ya kupokea stesheni ni mingine, na nyingine hazikubali volti 240.

Kuifikisha nyumbani

Runinga husafirishwa ikiwa imesimama, hailazwi. Kioo kikipasuka kwenye bodaboda waranti haikijui. Dai iwashwe dukani, irudishwe kwenye kasha mbele yako, na risiti iwe na namba iliyo mgongoni mwa runinga.

Ukifika, ingia kwenye mipangilio ya picha: toa "Vivid" au "Dynamic" uweke "Movie" au "Cinema", kisha uzime kile kinacholainisha mwendo. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na ulainishaji huo huzifanya zifanane na mchezo wa kuigiza wa saa moja jioni. Kuhusu tokeni, runinga ya wati 70 ikiwaka saa tatu kila siku hutumia kama uniti 6.3 kwa mwezi.

Mama mkwe alichukua ya inchi 43, Full HD, na wufa. Wajukuu wanamwomba kogo wao sauti iongezwe, naye anasema mvua itaisha. TV guard ameifunika kitambaa cha kufuma.