Malkia Catherine na Mawakili Wake

Mtu aliye katikati ya kesi ya ndoa, akiona avoka wake hamfai, je, amwache? Sheria ya Kanisa yaruhusu, mradi wakili mwenyewe ajulishwe na, kesi ikiwa imekwisha kuanza, hakimu na upande wa pili wapashwe habari. Ni lini inafaa, sheria haisemi. Tumwangalie basi Malkia Catherine wa Aragon, ambaye mumewe, Henry VIII wa Uingereza, alitaka ndoa yao itangazwe kuwa batili.

Mawakili wa malkia waliteuliwa na mfalme yuleyule aliyemshtaki! Mmoja wao, Askofu Mkuu Warham, aliogopa hasira ya mfalme. Kadinali Wolsey, aliyelisukuma shauri la mfalme kwa miaka miwili, aliketi kuwa hakimu pamoja na Kadinali Campeggio aliyetoka Roma. Mwanachuoni Juan Luis Vives, Mhispania kama malkia, alimshauri asijitetee kabisa mbele ya baraza la namna hiyo. Catherine alikasirika, na Vives akapoteza posho yake.

Twaona hapo malkia alimwacha mtu kwa sababu shauri lake lilimchoma, si kwa sababu lilikuwa la uongo. Maana tarehe 21 Juni 1529, huko London, alipiga magoti mbele ya mumewe, akanena, akakata rufaa kwa Papa, kisha akatoka. Aliitwa arudi, asirudi. Hakuwa mbali sana na maneno ya Vives.

Henry naye alibadilisha watu wake, ila kwa kipimo kingine: Wolsey aliposhindwa kumpatia hukumu, alivuliwa ukansela Oktoba 1529. Mfalme aliendelea kutafuta hadi akampata Thomas Cranmer, ambaye Mei 1533 alitamka alichotakiwa kutamka.

Askofu John Fisher wa Rochester aliteuliwa na mfalme kama wengine, lakini malkia alibaki naye. Siku chache baada ya rufaa, Fisher alisimama barazani akasema yu tayari kufa kwa ajili ya ndoa hiyo. Roma iliithibitisha ndoa tarehe 23 Machi 1534. Mwezi uliofuata Fisher alifungwa kwa kukataa kiapo kilichoikana, na tarehe 22 Juni 1535 akakatwa kichwa.