Mugumu Si Mgumu: Majina ya Mahali kama Ushahidi wa Historia katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Msafiri aingiaye Tanzania kupitia Sirari, akapita Tarime mjini, Nyamwaga na Nyamongo, kisha akavuka Mto Mara kuelekea Mugumu, hupita juu ya matabaka kadhaa ya historia. Matabaka hayo yamo katika majina. Makala hii inadai kwamba majina hayo ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba ushahidi huo hupotoka tunapoyafasiri kwa sarufi ya Kiswahili peke yake.

Tuanze na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mzungumzaji wa Kiswahili husikia humo kivumishi *-gumu*, na ni rahisi kudhani kwamba jina lasimulia ugumu wa maisha. Fasiri hiyo ina udhaifu. Kivumishi cha Kiswahili hufuata upatanisho wa nomino. Mahali pa namna hiyo pangeitwa *Pagumu*. Anayesema kwamba nomino iliyodondoshwa ni *mji*, budi aeleze kwa nini kiambishi *mu-* kimebaki kamili ilhali Kiswahili hukifupisha kuwa *m-*. Aidha, katika lugha za Kibantu za Mara, umbo la *mu-* au *omo-* hubeba pia ngeli ya miti, na Kikikuyu kina *mũgumo*, mti wa jamii ya mkuyu uliotumika katika matambiko. Kwa hiyo pendekezo lenye uzito zaidi ni kwamba jina hili latokana na mti.

Upande wa Tarime, majina kama Bukira na Bwirege yameundwa kwa kiambishi *bu-*, kinachotaja nchi ya watu: Bukira ni nchi ya Abakira, Bwirege ni nchi ya Abairege. Majina hayo yapo pia ng'ambo, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya. Mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliigawa ardhi, lakini haukuligawa jina. Kiswahili nacho kina tabaka lake: kata ya Bomani mjini Tarime, yenye kiambishi tamati cha mahali *-ni*, yatukumbusha boma la utawala.

Jina Serengeti lenyewe huhusishwa na neno la Kimaasai *siringet*, uwanda mpana. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951, na leo wilaya yenye wakazi wengi wazungumzao Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kikuria hutajwa kwa neno la lugha nyingine. Jan Bender Shetler, katika *Imagining Serengeti* (2007), ameonesha kwamba wazee wa magharibi mwa Serengeti huihifadhi historia yao kwa kutaja mahali: vilima, chemchemi na mahame, mengine yakiwa sasa ndani ya maeneo ya hifadhi.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Jina la mahali pasipokaliwa tena halina mtumiaji wa kila siku; huishi katika simulizi, na msimulizi akifariki hufa naye. Tukichelewa kuyakusanya kwa matamshi, toni na ngeli za lugha zake, tutabaki na ramani iliyojaa maneno tunayodhani tunayaelewa. Mugumu ni onyo la kutosha.