Hukumu ya Songea ya 1906 na Maana ya Kufuta Hatia

Katika Kiswahili cha sheria yamo maneno mawili ambayo wasemaji wengi huyachanganya, nayo ni kusamehe na kufuta. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani, na pia ya kufuta adhabu yote au sehemu yake. Kinachofutwa hapo ni adhabu. Mtu wa Mbinga au wa Mbamba Bay aliyepunguziwa kifungo kwa sikukuu ya Uhuru hurudi kwao akiwa huru, lakini kwamba aliwahi kuhukumiwa, hilo lingali limeandikwa.

Tofauti hiyo yaonekana vizuri zaidi katika hukumu ya kale ya nchi hiyo hiyo. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Umatengo, ambako leo ndiko Mbinga, ulitawaliwa kutoka boma la Wajerumani la Songea. Hapo bomani, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Kosa lao liliitwa uasi.

Neno hilo lataka kutazamwa. Kuasi, lenye asili ya Kiarabu, husemwa hasa juu ya mtu amwasiye Mungu au wazazi wake. Yaani huwapo kwanza mwenye haki ya kutiiwa. Amwitaye Songea Mbano mwasi amekwisha kukubali, atake asitake, kwamba boma lilikuwa na haki hiyo. Kwa hiyo hukumu ilikaa katika neno hata baada ya kamba kukatwa. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na padre wa Kibenedikti kabla ya kunyongwa. Kwa mafundisho ya Kanisa ubatizo huondoa dhambi zote zilizotangulia. Basi mtu aliweza, kwa saa moja, kuwa hana dhambi mbele ya Mungu na kuwa na hatia mbele ya boma.

Jinsi majina hayo yalivyosafishwa baadaye ni jambo la lugha kuliko la mahakama. Baada ya Uhuru uasi uliitwa vita, na waasi wakaitwa mashujaa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee wa Majimaji, na kaburi la pamoja la Songea likawa mahali pa kumbukumbu ya kila Februari, penye makumbusho. Kenya ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Marufuku ya kikoloni juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na sanamu yake ikasimamishwa Nairobi mwaka 2007. Hata hivyo, kuondoa marufuku si kutengua hukumu ya mtu mmoja.

Wala si haki kudhani kwamba neno shujaa lasikika sawasawa kila mahali. Wamatengo walikimbilia milimani kwa sababu ya mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, na huko ndiko kilimo chao cha ngolo kiliposhamiri. Wanyasa wa pwani ya ziwa nao waliyaonja mashambulizi hayo. Boma lilipowanyonga wakuu wa Wangoni, halikuwanyonga kwa ajili ya malalamiko ya Wamatengo. Malalamiko hayo hayakupata kuwa na hakimu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wazao wa Songea Mbano. Hapa kitenzi kiligeuka. Kwa miaka 117 waliohitaji kusamehewa, kwa maandishi ya boma, walikuwa walionyongwa. Sasa mwombaji alikuwa mkuu wa dola iliyorithi ile iliyonyonga. Wazao wataka pia fuvu la nduna, ambalo huaminika lilipelekwa Ujerumani. Steinmeier aliahidi kusaidia kulitafuta, bila kuahidi kwamba litapatikana.