Kabla Ulaumu Plagi, Angalia Filta

Leo nataka tuongee kuhusu filta ya mafuta ya boti. Usipitilize kwanza, hii stori inaanza na aiskrimu.

Kuna jamaa anaitwa Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin, Marekani. Inasemekana alikuwa pikiniki ziwani na mpenzi wake, Bess, Bess akatamani aiskrimu. Jamaa akapiga makasia hadi ng'ambo kuileta, na jua lile, ikafika ikiwa uji. Labda stori imetiwa chumvi, lakini mimi naipenda hivyo hivyo. Chenye hakina mjadala ni kwamba mwaka wa 1909 Evinrude alikuwa anauza mashine ya kufunga nyuma ya boti: kilo 28 hivi, nguvu ya farasi moja na nusu.

Sasa sikia hii. Tenki la mashine hizo za zamani lilikaa juu ya mashine yenyewe. Petroli ilishuka kwenye kabureta kwa uzito wake, safari fupi kuliko mkono wako. Lakini mashine zikakua, zikawa na kiu. Mwaka wa 1949 kampuni ya Johnson ikatoa mashine ya farasi 10 yenye tenki la pembeni na mpira mrefu. Kwangu mimi, shida yetu ilizaliwa siku hiyo. Tenki lilihamia sakafuni, jirani na ngama, kwenye maji ya chumvi, mchanga na miguu ya abiria.

Matenki ya kwanza ya aina hiyo yalisukuma petroli kwa presha ya hewa. Baadaye mashine ikapewa pampu yake ya kuvuta. Unaona kama ni kitu kidogo, lakini mpira unaosukumwa ukitoboka, unavuja na unaona. Mpira unaovutwa ukitoboka, unaingiza hewa. Nje kukavu kabisa, mashine inakohoa, na wewe uko hapo unafungua plagi.

Mimi niliyajua haya kwa njia mbaya. Agosti iliyopita tulikuwa tunamtoa bibi yangu Pate kumpeleka hospitali Lamu, alikuwa na miadi saa nne asubuhi. Ndani ya Mkanda, mikoko huku na huku, mashine ikazima. Ami akavuta kamba hadi mkono ukamchoka. Maji yakapwa, boti ikakaa matopeni, na sisi tukakaa nayo karibu saa sita, bibi amejifunika leso, hasemi neno. Hiyo kimya yake ndiyo iliniuma zaidi. Ami alipomimina petroli ya mtungi kwenye chupa ya soda, maji yakaonekana chini, yamejitenga, kama chai na tui lililokatika. Maji ni mazito kuliko petroli, yanalala chini, na mpira unavuta kutoka chini. Hapo unategemea nini?

Kumbe dawa ipo siku nyingi. Filta yenye kikombe angavu chini yake: maji yanatulia kwenye kikombe, uchafu unanaswa, na kuna koki ya kuyatoa. Nyingi huchuja hadi mikroni 10, na unywele wako una kama 70. Inafungwa kati ya tenki na mashine, mshale ukielekea mashine, kila mwisho wa mpira ukibanwa kwa klipu ya chuma kisichoshika kutu. Ukikaza vibaya umejiongezea tundu jipya la hewa, na hapo ni afadhali ungeacha tu.

Lakini mahali pa kuifunga ndipo watu wengi huharibu. Ami aliifunga chini kabisa, tezini, eti isimsumbue macho. Nikamwambia, "Ami, hapo patakula chumvi." Akanijibu kwamba mimi ni mtoto wa simu. Wiki ya pili nanga ikaigonga, kikombe kikapata ufa. Tukanunua kingine. Sasa imefungwa juu ya ngama, ubavuni chini ya kiti cha nyuma, na ubao mbele yake ili miguu na mitungi visiifikie. Amebakisha nafasi ya mkono na bakuli chini yake, kwa sababu filta usiyoweza kuifungua baharini ni pambo tu. Akimaliza kazi anaisuuza kwa maji baridi, asiyo na chumvi, na kuipaka grisi kidogo kwenye chuma.

Jumamosi alinipigia simu ya video. Alikuwa ameshika bakuli, ndani yake maji kama vijiko viwili.

"Waona haya, mwanangu? Yametoka leo asubuhi, kabla sijampakia bibi yako."